Siku Tatu za Kuomba Chachu

Sungura wa tatu alipowekwa mezani, nilijua kwamba nikimeza tonge moja zaidi nitaumbuka mbele za watu. Ilikuwa siku ya pili ya safari, saa saba mchana, jikoni kwenye nyumba moja ya mawe karibu na Radda. Tangu jana asubuhi nilikuwa nimekula vipande vya mkate vilivyopakwa maini ya kuku mara nne, supu ya kabichi nyeusi mara mbili, soseji zenye mbegu za shamari hata sijui ngapi, na sungura wawili. Chini ya meza mama mkwe wangu, Argia, alinikanyaga mguu.

"Kula," alininong'oneza. "Hatujaomba bado."

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yetu. Katika vilima vile vya Toscana huwezi kubisha hodi, ukaeleza shida yako mlangoni, ukaenda zako. Unakaribishwa, unakaa, unakula mpaka mwenye nyumba aridhike. Maombi huja mwisho kabisa, divai tamu ikishamiminwa kwenye vigilasi na biskuti ngumu za lozi zikishaletwa za kuchovya. Nyumba zote tulizoingia tulikwenda kuomba kitu kilekile, na zote zilitulisha kwanza. Siku hizi watu hutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili wapitishwe nyumba hadi nyumba kule, wakila na kunywa. Nikiwasikia wakisimulia raha zao, mimi huchoka upya.

Kosa lilikuwa langu. Niliolewa na Sauro mwezi wa Septemba 1985, nikaletwa kutoka Genova, mjini, bandarini, ambako mama yangu alinifundisha kwamba chombo kikiwa kichafu kinasuguliwa. Darini kwa akina Sauro, juu ya Montevarchi, kulikuwa na kipipa kimoja cha mbao nyeusi. Kila baada ya miaka minne, zabibu zilizoning'inizwa zikauke tangu mavuno zilikamuliwa, maji yake yakafungiwa humo mpaka yageuke divai tamu, ile inayoitwa vin santo. Februari ile kipipa kilifunguliwa na divai ikatolewa. Sauro, akiwa njiani kwenda kupogoa mizabibu, akaniambia, "Kiandae kile kipipa, wiki hii tunakamua."

Nikachungulia. Chini kulikuwa na tope zito, jeusi, lenye harufu kali. Nikachemsha maji, nikatia magadi, nikakisugua kipipa mara tatu, na tope lote nikalimwaga nyuma ya banda la kuku. Nilijiona mke hodari.

Lile tope lilikuwa chachu. Bila hilo divai ile haiwi. Lilikuwa humo tangu enzi za bibi yake Argia, divai ikitoka na chachu ikibaki, na nusu ya nyumba za vilima vile zilipata chachu yao kwetu, kijiko kimoja ndani ya chupa, kama zawadi ya harusi.

Argia alipanda darini, akakuta kipipa kinanukia usafi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, mikono mapajani, na mimi nikawa natamani anitukane. Mwishowe akasema, "Zabibu zitaoza katika wiki moja. Leta ufunguo wa gari," maana yeye hakujua kuendesha. Tangu hapo maneno yake kwangu yalikuwa "kata kulia", "punguza mwendo" na "kula". Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, na katika nyumba ile nilikuwa na miezi mitano tu. Niliamini kabisa kwamba tukirudi mikono mitupu, nami nitarudishwa kwetu. Sauro angenitetea siku mbili tatu, halafu angechoka.

Siku ya kwanza tulikuwa tumeanzia kwa Nello, Gaiole. Alikuwa ameuza nyumba yake na sasa aliishi kwenye vyumba viwili juu ya duka la mkate, lakini alituokea sungura mwenyewe, akavaa hata aproni. Argia alipomwomba, alikuna kichwa.

"Kipipa? Wale Wajerumani walionunua nyumba wamekikata katikati, wakapanda maua."

"Maua?"

"Mazuri, lakini. Mekundu."

Alicheka peke yake, kisha akaacha.

Nyumba ya sungura wa tatu ilikuwa ya Settimia. Yeye alipoombwa alimwita mwanawe, kijana aliyesomea mambo ya divai, akaja na koti lake jeupe. "Bi Argia, siku hizi tunatumia chachu ya pakiti," alieleza kwa heshima zote. "Safi, haina wadudu." Lile neno "safi" lilipotamkwa, Argia aligeuka akanitazama, nami nikainamia mifupa ya sungura.

Jioni tulifika kwa Orfeo, mgane wa Castelnuovo, aliyetupikia maharage na tambi nene. Huyu kipipa alikuwa nacho, na chachu yetu ilikuwa ndani, ila kilikuwa kimefungwa kwa saruji tangu miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Niombe kingine chochote, Argia," alisema. "Ule mfuniko aliupiga saruji Dina wangu kwa mkono wake, mwezi mmoja kabla ya kufa. Siwezi."

Argia aliweka kiganja juu ya mkono wake, wala hakurudia ombi. Tulilala pale kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuendesha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilishika usukani bila kujua tunaelekea wapi. "Tumemaliza, mama?" niliuliza.

Alifuta kioo kwa kiganja. "Nenda Poppi," akasema.

Sauro alikuwa ameshanisimulia habari za Poppi. Huko ndiko aliko Iole, mdogo wake Argia. Mwaka 1954 Iole aliamua kuolewa na mchoma mkaa ambaye hakuna nyumbani aliyemtaka, na Argia akaapa kwamba hatapewa hata tone la chachu. Asubuhi ya harusi, bibi harusi alipanda darini na gauni lake, akachota kijiko kimoja, akakitia kwenye chupa ya jamu. Argia aligundua. Alimwita mwizi mlangoni pa kanisa, mbele ya padri na wageni wote. Tangu siku ile hawakuwa wamesemezana.

Tulipita Arezzo kwenye ukungu. Baada ya hapo nilisimamisha gari kando ya barabara, nikashuka na kutapika penye mizabibu ya watu. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Argia alikuja akanishika paji la uso kwa nyuma, kama mtoto anavyoshikwa, akangoja nimalize, akanifuta mdomo kwa kitambaa chake.

"Usije ukamwambia Iole kwamba umetapika," alisema. "Atasema nyumbani hatukulishi."

Iole alifungua mlango mikono ikiwa imejaa unga. Alikuwa mnene kuliko dada yake, na pua yao ilikuwa moja.

"Eh! Dada mkubwa. Umepotea njia, au umekuja kukagua?"

"Tuna njaa," alisema Argia.

Sijawahi kusikia uongo mkubwa kuliko ule. Iole alitutengea tambi zilizojazwa viazi, kisha nyama ya nguruwe mwitu, kisha jibini ya kondoo, na sisi tukala. Madada wale hawakuangaliana. Iole alipakua, Argia akamaliza sahani, Iole akaongeza, Argia akamaliza tena. Mimi nilimeza bila kutafuna na kumwomba Mungu.

Hatimaye vigilasi vililetwa. Argia alichukua funda moja, akalikalisha mdomoni kwa muda mrefu. Hata mimi nisiyejua kitu, nilipoonja niliitambua. Ilikuwa divai ya darini kwetu.

"Ni yenyewe," alisema.

"Ni ya wizi," alijibu Iole.

Argia akaweka kigilasi chini. "Iole, ya nyumbani imekufa. Kipipa kimeoshwa kwa magadi."

"Nani kaosha?"

"Mimi."

Iole alimtazama, kisha akaitazama mikono yangu juu ya kitambaa cha meza. Ngozi ilikuwa imebanduka hadi kwenye vifundo kwa sababu ya magadi. Nilifungua kinywa. Kiatu cha Argia kikatua juu ya mguu wangu, kizito, kikabaki hapohapo, nami nikanyamaza. Nimeshatubu makosa mengi maishani, lakini ukimya ule bado unaniuma.

"Wewe?" Iole alianza kucheka. "Wewe uliyeniita mwizi mlangoni pa kanisa? Wewe mjuzi wa kila kitu?"

"Mimi, nimeshakwambia. Utanipa au hunipi?"

Iole alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Alijifuta kwa mkono, akainuka, akapanda ngazi. Muda si muda tukasikia nyundo juu yetu.

"Kipipa chake bado kimefungwa, hakijatimiza miaka minne," Argia alisema polepole, akifumba macho. "Anakivunja."

Iole alishuka na chupa iliyojaa hadi shingoni. Hakutaka kushukuriwa. Alimwambia dada yake amekonda, akatufungia jibini nzima.

Njiani nilivumilia mpaka tulipoiacha Poppi nyuma. "Mama," nilisema, "ungemwambia tu kwamba ni mimi."

"Usijidanganye, binti. Sikusema vile kwa ajili yako." Alikuwa ameipakata chupa kwa mikono miwili. "Miaka thelathini na mbili amengoja kuniona nimekosa. Ningempelekea kosa la mtu mwingine?"

Nilifarijika na nikaumia, yote kwa pamoja, nikaanza kulia kwenye usukani.

"Punguza mwendo," alisema.

Nyumbani Sauro alikuwa ameshakamua, maji ya zabibu yakisubiri kwenye ndoo, na kipipa amekisuuza siku tatu mfululizo. Argia alijitupa kwenye kiti chini ya ngazi ya darini, akanipa ile chupa.

"Magoti yamekwisha. Panda wewe."

"Mama, nikikosea tena?"

"Panda, nimechoka."

Nilipanda na Sauro akanipandishia ndoo. Nikamwaga chachu, nikamimina maji ya zabibu taratibu, nikapiga kizibo, nikapaka nta, huku mikono ikiniwasha. Niliposhuka nilimkuta amevua viatu, amelala palepale kitini, mdomo wazi. Hakupanda kuangalia, siku ile wala miaka minne iliyofuata.