Mkono Wenye Dripu

Wagonjwa walimwita muuguzi huyu Mbu, naye hakukasirika. Mbu hunyonya damu mtu asijue. Lakini asubuhi hiyo maji yalimfika shingoni. Binti aliyelazwa kwa kutapika alikuwa amekauka, mishipa imejificha, na sindano mbili za mkono wa kushoto zilitoka kavu.

"Baba, basi," mama wa binti alimsihi. "Mwanangu umemfanya chujio. Si uchukue huku?" Akaonyesha mkono wa kulia, uliokuwa ukiingia dripu ya sukari, mshipa umejaa.

Mbu alijua. Hata mwanafunzi wa juzi anajua: mkono wenye dripu hautolewi damu, utachota maji ya dripu ukidhani ni damu ya mgonjwa. Lakini binti analia, mama analia, na huruma nayo ina wazimu wake. Akachukua. Kichupa kikajaa upesi, mama akamwombea dua.

Majuto ni mjukuu, ila huyu alikuja siku hiyo hiyo. Mbu alikuwa wodi ya pili mwenzake alipomwambia, "Yule binti ana sukari ya kutisha! Vipimo vya sukari vya kidole vimeisha stoo, kwa hiyo daktari amefuata jibu la maabara. Dripu imetolewa, kachomwa insulini sasa hivi."

Mbu akaelewa. Sukari ile ilikuwa ya dripu! Binti alikuwa na kidogo tu, na dawa ilikuwa ikimshushia hicho hicho.

Akakimbia. Akamkuta amelowa jasho, macho yanaelea, haitiki akiitwa. Alimweleza daktari yote kwa pumzi moja. Daktari hakumtukana. "Tafuta mshipa," alisema, akaenda kuandaa sukari.

Mama akamzuia. "Wewe ndiye mwenye huruma, baba. Asichomwe tena!"

"Mama, huruma yangu ndiyo inayomuua. Damu niliichukua pabaya. Mshike mkono wa kushoto, wa kulia sukari itavuja kwenye tundu la dripu. Mshike kwa nguvu."

Mama alimkazia macho, kisha akaushika ule wa kushoto. Sindano ya kwanza, patupu. Ya pili, patupu. Mbu alikuwa akilia waziwazi, akimwomba Mungu kwa sauti. Akaukaza mpira, akapapasa, akachoma tena. Damu ikaonekana. Daktari akasukuma sukari yote.

Wakangoja. Binti akakunja uso. "Mama, inauma."

Mama hakumshukuru Mbu, wala hakumlaani. Aliunyoosha mkono wa kulia wa mwanawe, usio na dripu sasa, akaushika kwa mikono miwili.

"Chukua damu ya kweli," alisema. "Akilia, mwache alie."