Mshenga wa Programu Isiyofunguliwa

Niliota usiku wa jana kwamba nimekaa kwenye mkeka jikoni kwetu Pangani, nafunga programu za kompyuta kwa magazeti na kamba ya mkonge, kama mtu anayetuma mzigo kwa basi. Hiyo ndiyo kazi ninayojitolea hata nikiwa macho: nachukua programu, nazifunga ziwe vifurushi, na yeyote anayetumia mfumo wa kompyuta wa Linux anazipata bila kuhangaika. Nyingi hazina maringo. Unazifungua, unatazama ndani, unarekebisha, unafunga.

Mama ameketi mbele ya kompyuta. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa jiografia, na somo lake moja kuhusu mito limebaki kwenye tovuti ya shule. Bila programu-jalizi fulani ya zamani, ile programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari, kivinjari kinaonyesha mraba wa kijivu tu. Mama anaupangusa ule mraba kwa upindo wa kanga.

"Baba yako hajafika?" ananiuliza.

"Bado, mama."

Kamba inakohoa. "Hiyo programu unayoitaka haifungwi," inasema. "Ina wenyewe. Huna ruhusa ya kuifungua wala kuibeba. Mtu hachukui mwari wa watu akamtia kapuni."

"Sasa nifanyeje?"

"Tuma mshenga."

Kamba ilisema kweli, na hata mchana ndivyo tunavyofanya kwa programu zenye wenyewe. Kifurushi kinakwenda mikono mitupu, kinapiga hodi kwa mwenye mali, na programu inatoka kwao yenyewe. Basi nikafunga kifurushi kitupu. Kikavaa kanzu, kikaniomba kofia. Nikakipa ya baba, tukaondoka.

Jiko limekuwa ukumbi wa nyumba kubwa isiyo na madirisha. Mlangoni amekaa Bi Leseni, kungwi wa mle ndani, anatafuna tambuu.

"Hodi," anasema mshenga wangu.

"Hodi peke yake haitoshi. Nina masharti. Wenzenu wote husema 'nimekubali' kabla sijafungua kinywa. Sijui wanakimbilia wapi."

Mshenga anafungua mdomo aseme nimekubali. Namkanyaga mguu.

"Tutakusikiliza, bibi," nasema.

Anaanza. Asifunguliwe. Asichunguliwe. Asigawiwe majirani. Akianguka mkaumia, wenyewe hawamo. Asitumike kuendeshea mtambo wa nyuklia.

"Kwetu Pangani hakuna mtambo huo, bibi."

"Masharti ni masharti, mwanangu."

Mshenga anasinzia, anageuka boksi, anazinduka, anageuka mshenga tena. Mimi nasikiliza. Bi Leseni anapofika mwisho, sauti inamtetemeka.

"Tangu niwekwe mlangoni hapa," anasema, "hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho."

Anafuta macho, anasogeza kiti chake, mlango unafunguka.

Programu-jalizi inatoka. Ni kisanduku cha bati kilichozibwa pande zote, hakina mfuniko wala tundu, kimejitanda kanga. Mshenga anakagua alama yake ya kidole, maana ndiyo desturi, usije ukabadilishiwa njiani. Ni chenyewe.

"Mtanichungulia," kinasema. "Nyinyi watu wa Linux hamwezi kuona kitu kimefungwa mkanyamaza."

Vidole vinaniwasha kweli. "Sitakuchungulia," nasema.

"Mimi nimezeeka. Hata wenyewe wamenisahau, na vivinjari vipya vinaniita hatari. Nina nguvu ya somo moja tu, kisha nipumzike."

"Moja linatutosha."

Nilikipenda kile kisanduku, nasema wazi. Nikakishika mkono, ingawa hakikuwa na mkono.

Tumerudi jikoni. Mraba wa kijivu unawaka, na baba amesimama mbele ya ubao, chaki sikioni.

"Mto Pangani," anasema, "hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru."

Kisha anaacha kufundisha. Anakung'uta vumbi la chaki mikononi, anamtazama mama, anamwita kwa jina langu kama zamani.

"Mama Rehani, tangu nife unalala umejibana ukutani kama mgeni. Kwa nini?"

"Nakuwekea nafasi," mama anajibu.

"Naiona. Ahsante. Sasa lala katikati."

Mama anatikisa kichwa kukataa, machozi yanamtoka. Baba anasubiri, kama alivyokuwa akimsubiri mwanafunzi mgumu. Mwishowe mama anasema, "Haya." Baba anarudi kwenye mto wake, anaufuata mpaka unapoingia baharini, na kisanduku kinazima polepole. Mama anakifunika vizuri kwa kanga yake. Hachungulii.

Niliamka jua limeshapanda. Jikoni kulikuwa kimya, moto haujawashwa, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu tumzike baba. Nikaingiwa na hofu. Nikaenda chumbani kwa mama, nikausukuma mlango taratibu.

Alikuwa amelala katikati ya kitanda, mikono ameitandaza huku na huku, anakoroma.