Picha ya Mwenye Tochi

Mama alifariki kabla sijajua kusema sawasawa, na sura yake siijui. Baba alipooa tena, mama wa kambo alisema hawezi kula huku anatazamwa na marehemu. Picha zikashuka ukutani, na zilikokwenda hakuna aliyewahi kuniambia. Nikiuliza najibiwa, "We jitazame kwenye kioo, ndiye yeye." Nimejitazama mpaka nimeota mvi. Kioo kinanionyesha mimi, basi.

Ndiyo maana niliposikia binti wa yule mpiga picha wa zamani amefungua makasha ya baba yake na kutoa picha za lile jumba la sinema lililovunjwa, alikokuwa akifanya kazi mama, niliacha cherehani na nguo ya mtu nikaenda kwa Mzee Mashine. Jina hilo lilimganda kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya filamu pale. Mama alikuwa mwenye tochi: ukichelewa, taa zimeshazimwa, ndiye anayekumulikia mpaka kwenye kiti chako. Wenzao wote wameshatangulia, amebaki mzee peke yake.

"Twende ukanionyeshe mama," nikamwambia, "kabla na wewe hujaniaga."

"Loo! Unanizika huku nakunywa chai?" Akacheka, akatafuta kofia.

Studio yenyewe ni chumba kimoja: pazia la kijivu, kiti cha kupigia picha za pasipoti, na kaunta iliyochubuka. Binti akazimwaga picha juu ya kaunta. Mzee akaanza kuzisalimia moja moja. "Aa, mkata tiketi huyu! Mchoyo, hata ndugu yake wa tumbo moja hakumwingiza bure." Foleni imezunguka hadi kona, wanaume wamechana nywele upande, mabango ya filamu yamebanduka pembe.

"Mzee, mama yuko wapi?"

"Subira huvuta heri, mwanangu."

"Yangu imekatika kamba."

Tukapekua. Wafagizi wamo, meneja na tumbo lake yumo, hata paka wa mlangoni yumo. Mama hayumo. Nikaanza kuzikasirikia picha, halafu nikamkasirikia mama mwenyewe. Ndipo mzee akajipiga paji la uso.

"Uzee huu! Nje hawezi kuwepo. Wenye tochi walikuwa wakiingia mapema, wanafungiwa gizani ili macho yazoee. Akitoka juani kidogo tu, akirudi haoni kitu, anawakalisha watu kwenye mapaja ya wenzao. Kila picha ya nje ilipigwa yeye akiwa ndani."

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mama alikuwepo kila siku, na lake halikuwepo. Iliniuma sana.

Ilibaki picha moja ya ndani. Mzee akaipeleka dirishani. Ukumbi umefurika, na kila uso umetulia tuli.

"Siku hiyo baba yake huyu alisimama jukwaani na kamera yake ya miguu mitatu," akasema. "Taa zilikuwa hafifu, ikabidi aiache wazi kitambo. Akatuambia asitikisike mtu, maana anayetembea hatokei. Watu wakabana pumzi."

"Na mama?"

Kidole cha mzee kikashuka kwenye njia iliyo katikati ya viti. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umetoka mlangoni na kushuka hadi karibu na jukwaa.

"Ndiye huyo. Tochi ilishika kwenye picha, yeye hakushika."

"Huo ni mstari, mzee!" Nilipiga kelele mpaka binti akashtuka. "Watu wote wametulia, hata huyo mchoyo wenu! Yeye alikuwa anawashwa na nini?"

"Na wewe."

Pale mstari ulipoishia, mwanga ulikuwa umejaa mahali pamoja. Pembeni yake, kwenye kiti cha mwisho wa safu, mtoto amelala mdomo wazi, amefunikwa sweta la mtu mzima.

"Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anakuja nawe kazini," mzee akasema. "Uliguna usingizini. Sote tumeganda, yeye akaenda."

Uso wangu umetoka safi, hata kope zinaonekana. Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Angetulia kitambo kile tu, leo ningekuwa na sura ya mama. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na hapakuwa na wa kumwambia.

Binti akanishika bega. "Pole, dada. Nitakutolea nakala kubwa. Na huo mchirizi usikusumbue, nitaufuta kwenye kompyuta, hautaonekana kabisa."

"Thubutu!" Nikaifunika picha kwa viganja vyote. "Huyo ni mama yangu!"

Akanitazama, kisha akaniomba taratibu niinue mikono naye amwone. Nikainua. Akainama, akatafuta sana. Nami nilikuwa nimeinama kando yake, bado namtafuta.