Mdomo wa Fundi

Mtaani kwetu hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mdomo. "Mdomo, mwambie mama yako gauni limenibana kwapani." "We Mdomo, muulize mama yako suruali yangu itakuwa tayari lini." Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka mitano, na hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

Mama hasikii. Homa ilimpitia utotoni ikaondoka na masikio yote mawili, na kwa kuwa kwao hawakuona faida ya kumpeleka shule, hakujifunza kusoma wala zile alama wanazofundishwa viziwi wengine. Alijifunza cherehani. Ishara tulizotumia tulizitunga mimi na yeye katika kile chumba kimoja, cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya pazia. Dunia nzima walioijua lugha hiyo tulikuwa wawili. Baba, dereva wa lori, alijua ishara nne: kula, lala, njoo, na naondoka. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoitumia zaidi.

Watu walinisifu mpaka nikaota mapembe. "Mtoto huyu ana akili ya mtu mzima!" "Huyu si mtoto, huyu ni baraka!" Siku hizi nikisikia mtu anamwambia mtoto maneno hayo, natamani kumzaba kofi, huyo mtu, si mtoto. Maana ukishaambiwa una akili ya mtu mzima, umekwisha. Hakuna atakayekumbuka tena kwamba una miaka kumi na mmoja.

Na kuna jambo hao wasifiaji hawakulijua: sikuwahi kumfikishia mama maneno kama yalivyo. Ningewezaje? Mteja anasimama mlangoni, anachekacheka, halafu anasema, "Huyu bubu ameniharibia kitambaa changu, sijui nani alinituma kwake." Mama ananitazama mikono, anasubiri. Namwambia, anaomba upunguze kidogo kiunoni. Mama anafurahi, mteja naye analainika akimwona mama amefurahi, maisha yanaendelea. Shangazi, dada yake baba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alinikuta siku moja nikifanya hivyo, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Chambua hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Maneno ya watu yana mawe." Basi nikachambua, miaka sita mizima. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Haya, mimi nililelewa kuchambua.

Mwaka nilipotimiza kumi na mmoja, mama alikanyaga sindano iliyoanguka sakafuni. Kitundu tu, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mtu mwingine angekisahau kesho yake. Lakini mama ana kisukari, na kitundu hakikufunga. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikawa cheusi, na jirani zake wawili wakaanza kukifuata. Mama alihamishia kazi mguu wa kushoto akaendelea kushona. Nilipomwomba shangazi atusindikize hospitali, alikuwa na ndoo mbili za nguo za kufua. "Si ana mdomo wake? Nendeni."

Tukaenda, Jumatano. Daktari alifungua bandeji, akaitazama miguu yote miwili, akanigeukia mimi. Hakumtazama mama usoni hata mara moja.

"Mwambie mama yako vidole hivi vitatu tunavikata. Kesho asubuhi. Akichelewa, sumu itapanda, na hapo tutakata mguu au tutamkosa kabisa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi mwambie."

Mama alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda na gauni lake zuri, alilojishonea mwenyewe, ananisubiri kama alivyonisubiri siku zote. Ishara yetu ya kukata ilikuwa vidole viwili vikifunguka na kufunga, kama mkasi kwenye kitambaa. Kila asubuhi aliitumia kwa raha. Nikapiga moyo konde, nikainua mikono, mikono ikagoma. Jamani, nilikuwa mtoto! Nikamwambia: anasema kuna dawa mpya, uoshe kwa maji ya chumvi mara tatu kwa siku, urudi Jumatatu.

Mama akaweka mkono kifuani, akamwinamia daktari kumshukuru.

"Amekubali?" daktari akauliza.

"Amekubali."

"Mama jasiri huyu," akasema, akaandika.

Nilijiambia nitamweleza jioni tukishakula. Jioni ilipofika alikuwa amechangamka, akinitania kwa kumwigiza daktari anavyovuta miwani, nikaona nimwache alale. Alhamisi ikapita nikijua kuna kitanda kinamsubiri mahali. Ijumaa nikaona aibu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na Alhamisi pia. Uongo ukishalala nyumbani siku mbili, unakuwa mwenyeji. Na mama, masikini, alikuwa anaosha mguu wake kwa maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni, kwa utiifu, bila kuruka hata mara moja, kwa sababu daktari alisema. Nilikuwa nikimletea beseni mimi mwenyewe.

Jumapili asubuhi alishindwa kuamka. Mwili ulikuwa moto, mguu umevimba mpaka chini ya goti, ngozi inang'aa. Nilikimbia kwa shangazi pekupeku, nikamkuta bombani.

"Walisema wamkate vidole Alhamisi," nikasema. "Sikumwambia."

"Unasema nini wewe?"

"Sikumwambia, shangazi. Nilichambua."

Alinipiga kofi moja, akaacha ndoo inafurika, akatangulia mbio. Alipomwona mama akaanza kumpigia kelele usoni, kana kwamba uziwi ni usingizi na mtu akiita sana utamtoka. "Wifi! Mficha maradhi kifo humuumbua! Wifi, mguu huo!" Mama alitazama mdomo unavyokwenda, hakuambulia kitu, akanigeukia mimi. Shangazi naye akanigeukia.

"Mwambie! Mwambie mama yako umemdanganya."

"Mwambie wewe, shangazi."

"Kwa mdomo gani?" Na hapo akaanza kulia.

Hata wakati ule ningeweza. Ningesema tu, shangazi anasema umezidiwa, twende hospitali, na mama angeondoka bila kujua lolote. Mikono ilikwisha kuanza kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimechoka kuliko mtu yeyote wa miaka kumi na mmoja anavyopaswa kuchoka, nikamwambia yote. Nikamwonyesha mkasi. Nikamwonyesha vidole vitatu.

"Alisema lini?" akauliza.

"Jumatano."

Alihesabu siku kwa vidole vya mkono. Akalitazama beseni. Hakunigusa, na mpaka leo natamani angenipiga.

Hospitali daktari alikuwa yule yule, akawaka. "Nilisema asubuhi yake! Si nilimwambia?"

"Ulimwambia mtoto," shangazi akajibu.

Daktari akaubonyeza mguu. Kisha akasema sasa watakata juu ya goti, leo hii, na hawezi kuahidi chochote. Halafu, kwa sababu hakukuwa na mwingine, akanitazama. "Mwambie mama yako."

Nilimwambia neno kwa neno. Goti. Leo. Hajui kama utapona. Mama alimtazama shangazi, akamtazama daktari, akamtazama nesi aliyeshika karatasi na wino wa dole gumba, akamgeukia hata mgonjwa wa kitanda cha jirani, anatafuta mdomo mwingine. Haukuwepo. Akarudi kwangu.

"Kweli?"

"Kweli."

"Hujapunguza?"

"Sijapunguza."

"Nitapona?"

"Daktari hajui."

Akatikisa kichwa. Akashika mikono yangu, akaiachia, akauliza upya, safari hii polepole, kama anavyosemeshwa mgeni: nitapona? Nikajibu vile vile. Akaweka dole gumba kwenye karatasi huku ananitazama mimi. Walipokisukuma kitanda alikuwa amegeuza shingo, mikono juu, bado anauliza, na mimi nimesimama kwenye korido najibu jibu lile lile mpaka mlango ukafungwa.

Mama alipona. Miaka ishirini na mbili sasa anatembelea magongo, na bado mimi ndiye mdomo wake, maana mwingine hajapatikana. Lakini nikimwambia hata kwamba mvua inanyesha, anachukua magongo yake, anajikokota hadi dirishani, anatoa mkono nje.