Meza Haifungwi Kabla ya Saa Kumi

Ijumaa hiyo mvua ilipiga kwa ubavu tangu alfajiri, na kwenye uwanja mzima wa kanisa, penye soko, kulikuwa na meza moja tu: ya Jeltje, muuza jibini. Wenzake walijilalia majumbani. Yeye alikuja, na hilo ndilo likawa kosa lake, maana kwa kanuni za halmashauri, ukishafungua meza huifungi kabla ya saa kumi jioni. Ukiondoka mapema, unanyang'anywa nafasi, na nafasi hii Jeltje aliirithi kwa mama yake.

Wubbe, msimamizi wa soko, alikuwa amejibanza chini ya turubai la Jeltje, meno yakigongana kwa baridi.

"Wubbe, mwanangu, hakuna mteja hata wa dawa. Niache niende zangu."

"Kwani mimi napenda, mama? Akibaki muuzaji hata mmoja, na mimi sitoki. Wewe ndiye umenifunga hapa!"

"Mimi ndiye nimekufunga?" Jeltje alifoka. "Basi nipe ruhusa, tuondoke wote!"

"Sina mamlaka hayo. Piga simu halmashauri, kitengo cha masoko."

Jeltje alibonyeza namba kwa vidole vilivyokufa ganzi. Simu ikalia mfukoni mwa Wubbe.

Wubbe aliitoa, akaitazama, akakohoa kidogo, kisha akampa Jeltje mgongo.

"Halmashauri, kitengo cha masoko. Nikusaidie nini?"

"Wubbe, usinichezee! Nataka kwenda nyumbani!"

"Ombi lako tumelipokea," alisema kwa sauti ya ofisini, bila kugeuka. "Litajibiwa Jumatatu."