Tumbo la Shuka

Mpiga pasi aliisimamisha pasi, akashika ukingo wa meza, akangoja pumzi imrudie. Shuka la hoteli lilikuwa limenyooka nusu. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ndala zikawa zinauma.

"Wifi, unahema kama umekimbizwa na mbwa," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa akikunja mashuka ng'ambo ya meza. "Na hapo umesimama tu."

"Hata kulala chali siwezi. Kama kuna mtu amenikalia kifuani."

"Huyo ni kaka yangu. Mfukuze."

Wakacheka. Kicheko cha mpiga pasi kilikatika katikati.

Mtoto wake alikuwa amelala kwenye kapu la taulo safi. Alizaliwa kabla ya wakati, kwa sababu ya presha ya mimba. Siku ile walimwambia mama: presha imetoka na mtoto, nenda nyumbani. Na tangu hapo, kila kliniki, mtoto alipimwa uzito, urefu, hata kichwa kikazungushiwa utepe. Mama alikuwa mikono ya kumbebea tu. Alipoomba apimwe na yeye, alipelekwa jengo la wagonjwa wa kawaida, kule juu kwenye mlima. Wa kule walipoona ana kichanga, wakamrudisha kliniki ya wazazi.

"Wanaopimwa presha ni wajawazito peke yao," alisema mpiga pasi.

"Basi pata mimba." Wifi yake alikuwa ameshaanza kukunja shuka kwa duara. "Hii haina hata kichefuchefu."

Kwenye kliniki wanawake walisogeana mara moja walipoona lile tumbo chini ya gauni.

"Kaa, mwenzetu. Mimba yako imeshuka, haifiki wiki."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye benchi lile tangu ajifungue.

Muuguzi alimfunga mkanda mkononi. Ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Akaitazama namba. Akapima tena, na mkono wa pili.

"Umekuja na nani? Usisimame! Mbona mnasubiri mpaka mnaanguka?" Akapaza sauti mlangoni: "Leteni kiti cha magurudumu! Mwiteni daktari!" Kisha akamgeukia, sauti imelainika. "Lala, mama. Nisikilize mtoto."

Mpiga pasi akalala. Muuguzi akashika tumbo, akabonyeza, akakunja uso. Akavuta ncha nyeupe iliyochungulia chini ya gauni. Shuka likatoka, likaendelea kutoka, utadhani yamefichwa mashuka ya hoteli nzima.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje na shangazi yake. Ameshaota meno."

Muuguzi hakucheka. "Unanichezea, dada? Foleni yote ile!"

"Nisamehe. Lakini presha umeiona."

"Nimeiona kwa mjamzito. Wewe si mjamzito."

"Mkono si huuhuu?"

Kiti cha magurudumu kilifika mlangoni. Muuguzi alikitazama, akamtazama aliyekileta, akapunga mkono kirudishwe. Halafu akainama karibu.

"Nenda kule juu sasa hivi. Usingoje kesho. Waambie presha iko juu sana."

"Wakiuliza nani amenipima?"

Muuguzi aliviringisha mkanda wake polepole. "Usinitaje. Anayefuata!"

Nje ya chumba, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa imeshajaa. Hakuna aliyesogea, walikuwa wakimsubiri mjamzito wao atoke, na huyu hana tumbo. Akaegemea ukuta. Dirishani, njia ya kwenda jengo la juu ilipanda moja kwa moja, bila kivuli, bila pa kushika.

Wifi yake akaja na mtoto begani.

"Wamesemaje?"

"Niende kule."

"Si ndiko walikokurudisha?"

"Ndiko."

Wifi alitazama mlima, akatazama ile miguu, akatazama benchi. Akalichukua shuka mikononi mwa mpiga pasi, na kwa mkono mmoja akaanza kulikunja kwa duara.

"Njoo pembeni nikurudishie tumbo," alisema. "Angalau upate pa kukaa."

Mpiga pasi alitaka kucheka. Pumzi haikutosha.