Mgomba Uliotazama Juu

Mkunga alikuwa amestaafu miaka miwili, lakini mikono yake haikuwa na habari. Kila kitu kilichovimba nyumbani kwake, kuanzia unga wa mkate hadi goti la jirani, lazima akibonyeze kwa vidole viwili na kutaja siku zilizobaki. Kwa hiyo asubuhi alipotoka uani kufua, akaona shina la mgomba wake limenenepa shingoni, aliiacha ndoo ikafurika. Akalipapasa, akafikiri kidogo.

"Huyu bado wiki," alisema, akaingia ndani kutafuta daftari.

Mgomba wenyewe ulikuwa na kisa chake. Aliletewa na mkwe wake, mama wa mke wa mwanawe, mwalimu wa hesabu ambaye naye alikuwa amestaafu ila kalamu bado haijamtoka mfukoni. Mwalimu alifika nao siku ya kwanza kumtembelea baada ya harusi, ukiwa mche ndani ya kopo la rangi. "Mkwe," alisema, "hizi ni ndizi tamu. Utanikumbuka."

Ikapita miezi kumi na minne. Mgomba ulirefuka mwembamba, kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, ukajaza machipukizi uani, lakini mkungu hauonekani. Na kila Mwalimu alipokuja kuwajulia hali watoto, hata viatu hajavua, swali lilikuwa lile lile: "Ndizi zetu zimefikia wapi?"

Swali hilo lilimkera Mkunga kuliko mbu. "Ananiuliza kama aliyenipa kazi ya nyumbani," alimlalamikia mkamwana wake. Mkamwana, ambaye mmoja alikuwa mama yake na mwingine mama mkwe, alikumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Wiki haikuisha. Siku ya tano ua likachomoza katikati ya majani, na Mkunga alipolitazama miwani ilimshuka puani. Alikuwa ameona migomba maisha yake yote. Ua la mgomba hutoka, likainamisha kichwa, likaning'inia kwa adabu zake. Hili lilitoka likabaki limesimama wima, tena la rangi ya waridi kama kucha za bibi harusi.

Alilingoja siku mbili liiname. Halikuinama. Siku ya tatu aliandika daftarini: "Mlalo si wa kawaida."

Miaka thelathini na minane ya wodini ilimfundisha kwamba mtoto aliyekaa vibaya hageuzwi kwa pupa. Hugeuzwa taratibu, kwa mikono yenye joto. Akasugua viganja, akapanda kitini, akalishika ua shingoni na kulibembeleza liiname. Lilipokubali kidogo tu, akalifunga bendeji, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa kiti. Asubuhi bendeji ilikuwa imelegea, ua liko juu pale pale. Akaenda kuchukua tofali.

Alikuwa juu ya kiti, bendeji mdomoni na tofali limening'inia, Mwalimu alipopiga hodi na kuingia bila kungoja jibu. Alisimama, akalitazama tofali, kisha kiti, kisha mkwe wake.

"Mkwe," alisema polepole, "mgomba umevunjika?"

"Haujavunjika. Umekaa vibaya."

"Nani kaukalia?"

"Hakuna aliyeukalia. Ua ndilo limekaa vibaya. Linatazama juu, huoni?"

Mwalimu aliona. Alizunguka mgomba mara mbili, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. "Umekuwa ukiumwagilia nini?"

Hapo Mkunga alishuka kitini. "Maji, mkwe. Nami nakuomba, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimezalisha nusu ya mji huu, na hakuna hata mmoja aliyetoka wa waridi kwa ajili ya maji yangu. Mche ulikuwa wako."

Mkamwana alitokea mlangoni na vikombe viwili vya chai, akazisoma nyuso zao, akarudi navyo ndani.

Wakiwa wamenuniana hivyo, gamba moja la lile ua likabanduka na kuanguka katikati yao. Mwalimu aliliokota. Halafu akainua macho pale lilipotoka, na mazoea hayana dawa, akaanza kuhesabu. "Maua manne. Mstari mmoja. Ya kawaida huwa na mistari miwili."

"Na hivi vindizi vina nywele," Mkunga akasema.

"Ndizi haina nywele, mkwe."

"Gusa."

Mwalimu aligusa, akaurudisha mkono haraka, kisha akagusa tena. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne hakuna aliyemuuliza mwenzake swali.

"Twende chuo cha kilimo," Mwalimu alisema. "Lakini kwanza niyahesabu magamba mengine yakifunguka."

Mtaalamu wa mimea pale chuoni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira na penseli iliyochomekwa nyweleni. Aliwakaribisha kwenye meza iliyojaa majani makavu, akawauliza, "Ua limesimama au linaning'inia?"

"Limesimama," Mkunga alisema. Na kwa kuwa hakuzoea kuficha jambo mbele ya mtaalamu, akaongeza, "Nililifunga bendeji, likakataa."

Mtaalamu alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Alipoinuka alikuwa amekwisha kutengeneza uso. "Chini ya kila gamba kuna maua mangapi?"

"Matatu mpaka matano," Mwalimu alijibu. "Mstari mmoja. Nimehesabu magamba yote yaliyofunguka."

"Na ndizi changa?"

"Zina vinyweleo," Mkunga alisema. "Laini, kama vya mabegani mwa mtoto aliyekuja kabla ya siku zake."

Mtaalamu akaegemea kiti. "Mama zangu, wenzenu huniletea jani moja bovu wakasema, niambie huu ni mti gani. Ninyi mmeniletea cheti cha kuzaliwa." Akafungua kitabu cha picha, akakigeuza upande wao. Ndio huo huo, wima, wa waridi, hauna aibu. "Ni mgomba wa mapambo. Ua lake husimama hivyo, ndiyo maumbile yake. Jina lake la kitaalamu maana yake ni mahameli, kwa sababu ya hivyo vinyweleo. Ndizi zitakuwa za waridi, fupi kama kidole, zimejaa mbegu tele. Zikiiva hujimenya zenyewe."

"Hujimenya?" waliuliza kwa pamoja.

"Ganda hupasuka, likajikunja nyuma. Mtaona."

Nje walikaa kwenye benchi. Mwalimu alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa ofisini.

"Muuza miche aliniapia," alisema. "Nami nikaamini. Mimi, niliyewakataza watoto wa watu kumeza jibu bila kuona njia."

"Sasa mbona ulikuwa ukiniuliza kila ukija?"

"Nilikuwa naogopa. Binti yangu aliniambia mama mkwe wake ni mtu wa kuheshimiwa mji mzima. Nikajiuliza, mtu kama huyo utampelekea nini? Ndizi zilipochelewa, nikajua nimekuletea kitu kibovu."

Hasira aliyoifuga Mkunga miezi yote hiyo ikakosa pa kukaa. "Mimi nilidhani unanisahihisha."

"Nilikuwa nasahihisha," Mwalimu alikiri. "Lakini daftari lilikuwa langu."

Mkunga alicheka hadi akashika ubavu, na mlinzi wa chuo akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Miezi mitatu baadaye Mkunga alimpigia simu. "Njoo, ganda limeanza." Mwalimu alifika amevaa kandambili, kitu ambacho hajawahi kufanya. Ndizi moja ilikuwa imepasuka ubavuni, na ilipofika mchana ganda lote la waridi lilikuwa limejikunja, nyama nyeupe iko nje. Mwalimu alionja kwanza, kwa kuwa dhamana ilikuwa yake.

"Tamu," alisema kwa mshangao. Kisha meno yakagonga kitu kigumu. "Muuza miche hakusema uongo. Alikula nusu ya maneno tu."

Jioni mwana wa Mkunga alirudi kutoka kazini, akawakuta mama zake wawili kizingitini, kila mmoja anatema mbegu ndani ya bakuli moja.

"Ishirini na tisa," alisema Mwalimu.

"Thelathini. Moja nimeimeza."

Mwana akauliza kama kuna chochote cha kula. Walikuwa wameshaanza kubishana kama mbegu ziloweshwe siku moja au mbili kabla ya kupandwa.